Ifriti Amekaa Rafu Gani?

Kompyuta ya duka ilisema nakala zipo mbili. Msichana wa dukani aliigeuza skrini ili nami nijionee: mbili, tena zimeingia wiki iliyopita. Kazi ikawa kuziona. Tulianza na rafu ya michezo, penye vitabu vya sataranji, karata na mafumbo ya maneno. Hazipo. Tukaenda kwenye riwaya za majoka na safari za angani, ambako mpwa wangu alikuwa ameshapita mara mbili peke yake. Hazipo. Tukapita katuni za Kijapani, tukapita vitabu vya mbinu za michezo ya kompyuta, tukaishia mbele kabisa ya duka, kwenye meza ya zawadi za Krismasi. Hapo, nyuma ya boksi la fumbo la vipande elfu moja lenye picha ya mnara wa Paris, nakala zote mbili zilikuwa zimelazwa kifudifudi.

"Kuna mtu kazificha," alisema yule msichana.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tatu, akacheka. "Anko, huyo kaziweka akiba mpaka apate hela."

Ilikuwa Desemba 2018, pembezoni mwa mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, nilikokwenda kumtembelea dada yangu na kuonja baridi ambayo sitairudia. Kitabu chenyewe kilikuwa Player's Handbook, kitabu cha mchezaji wa Dungeons & Dragons: kurasa 320, jalada gumu, mgongo mwekundu, upana na urefu wa faili la ofisini, bei dola 49.95. Nilikuwa nimeahidi zawadi kabla ya kuuliza bei, kosa ambalo wajomba hulirudia kila mwaka.

Zile dakika ishirini za kukitafuta zilinikera, kisha zikanikaa kichwani. Ujanani niliwahi kuuza vitabu. Duka letu lilikuwa na mpangilio ambao hata mtoto aliyetumwa na mwalimu aliuelewa: vitabu vya kiada kwa madarasa, ziada upande wa pili, kamusi karibu na kaunta kwa sababu zilikuwa zinaibwa, Misahafu na Biblia juu kabisa kwa heshima. Kila kitabu kilijua kwao. Sikuwahi kukutana na kitabu ambacho duka zima lenye wafanyakazi wanane na kompyuta haliwezi kusema kwao ni wapi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayejua pangoni kuna nini na nani kajibanza nyuma ya mlango. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, shujaa, mchawi au mwizi, naye huamua huyo mhusika aseme nini na afanye nini. Jambo likiwa na mashaka dadu hutupwa, maarufu zaidi ikiwa ile ya pande ishirini. Si lazima kuwe na ubao, mshindi hakuna, na kisa kimoja kinaweza kuchezwa kila Jumamosi kwa miaka mitano. Kitu cha kununua hasa ni kitabu cha kanuni, ila mchezo wenyewe haumo kitabuni. Unaletwa na waliokaa mezani. Sasa muuzaji aliyeshika kitabu kile anauza nini, kitabu au mchezo? Bao letu halijawahi kumpa muuza vitabu taabu hii. Ukilitaka unakwenda kwa mchongaji, na kanuni unafundishwa na wazee barazani, pamoja na kejeli zao.

Kilichonifurahisha baadaye ni kugundua kwamba tulipokuwa tukihangaika kukitafuta, tulikuwa karibu na kitovu chake. Ni hapohapo St. Paul, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo kijana aliyeitwa Dave Arneson aliwakusanya wenzake kucheza visa vya nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Jimbo la jirani, Wisconsin, katika mji mdogo wa Lake Geneva, Gary Gygax akazichukua fikra zile, akaziongeza na kuziandikia kanuni. Mwaka 1974 zilichapwa nakala 1,000: kisanduku chenye vijitabu vitatu, dola 10. Maduka ya vitabu hayakuhusika. Kisanduku kiliuzwa kwa posta na kwenye maduka ya watu wanaounda treni ndogo na kupaka rangi wanajeshi wa risasi. Hata kama duka la vitabu lingekitaka, lisingejua la kukifanya. Vijitabu vile vilikuwa vimepigwa pini katikati, havina mgongo, na kitabu kisicho na mgongo ukikisimamisha rafuni ni sawa na kukizika.

Mambo yalibadilika kwa jalada gumu. Mwishoni mwa 1977 kampuni ya Gygax, TSR, ilitoa Monster Manual, orodha ya madubwana iliyofungwa imara kama kitabu cha shule. Mwaka uliofuata kikaja cha mchezaji, na 1979 cha msimulizi. Hivi vilikuwa na migongo inayosomeka kutoka mbali na majalada ya kugombanisha watu. Kile cha 1979 kina ifriti mwekundu, mrefu kama nyumba, amemkamata mwanamke mkononi huku mashujaa wakimkabili chini. Ndiyo, ifriti, wa Alfu Lela Ulela, yuleyule ambaye bibi zetu wa pwani walimtaja kwa sauti ya chini. Ndani ya kitabu cha madubwana yumo na jini, yumo na ndege mkubwa Rukh. Mzee wa Lamu angekifungua kitabu kile akawakuta wenyeji wake kabla ya kukuta joka la Kizungu.

Jalada kama hilo linataka kuonekana. Wauza vitabu wa kila nchi wanajua tofauti ya kitabu kilichosimama mgongo nje na kilichogeuzwa uso kwa mteja. Kimoja kinangoja anayekitafuta, kingine kinamwita anayepita. Ila uso una gharama yake. Nafasi ya kitabu kimoja kilichogeuzwa uso inaweza kubeba migongo sita au saba, na kila mgongo ni pesa. Ndiyo maana meza za mbele na vichwa vya rafu katika maduka makubwa ya Marekani na Uingereza kwa miaka mingi vilikuwa vikilipiwa na wachapishaji, kama bango la barabarani. Msomaji aliyedhani meza ile ni chaguo la mwenye duka alikuwa anasoma tangazo.

Mwaka 1979 TSR ilikubaliana na Random House, moja ya nyumba kubwa za vitabu Marekani, iwasambazie kwenye maduka ya vitabu. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo rafu ilipokuja kuiua kampuni.

Maduka ya michezo hununua mzigo ukawa wao. Wakishindwa kuuza, hasara ni yao. Maduka ya vitabu ya Marekani, tangu enzi za mdororo wa miaka ya 1930, huchukua vitabu kwa namna ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo angeiita mali kauli: kisichouzika kinarudi kwa mwenyewe. Ni utaratibu wa heri kwa muuzaji, kwani unampa ujasiri wa kujaribu kitabu asichokielewa. Kwa mchapishaji unakuwa mtego, maana kitabu kikishatoka ghalani kinaonekana kimeuzwa, kumbe kimekwenda kutembea tu. Kwa TSR mtego ulikuwa na asali juu. Random House iliwalipa fedha mzigo ulipopokewa, wala si msomaji alipotoa pochi. Kampuni ikipungukiwa, dawa ilikuwa rahisi: chapa vingine, peleka, pokea. Deni likawa linavaa nguo za mauzo.

Walichapa. Walitoa nchi za kubuni moja baada ya nyingine, na mwaka 1992 wakatoa hata Al-Qadim, nchi ya majini, masultani na bahari ya Sindbad. Kila nchi ilikuwa na visanduku vyake na ramani zake, na kila kisanduku kilikuwa mzigo kwa mpanga rafu, kwa sababu hakikupangika kama kitabu wala hakikukaa vizuri kama mchezo. Mwaka 1995 wakaleta Dragon Dice, mchezo wa dadu tupu. Hebu jiweke mahali pa muuza vitabu aliyeletewa pakiti za dadu. Ni kitu kidogo kisicho na mgongo wala kurasa. Anaziweka wapi, kwa ushairi?

Zilirudi. Mwaka 1996 marejesho yalimiminika, dadu na riwaya na visanduku, ya mamilioni ya dola, na fedha zilizokuwa zimelipwa zikageuka kudaiwa. Mwanzoni mwa 1997 mashine zilikuwa zimesimama kwa sababu mpiga chapa alishachoka kukopwa. Mwaka huohuo kampuni ikanunuliwa na Wizards of the Coast, watu wa karata za Magic kutoka upande wa Seattle, nao miaka miwili baadaye wakanunuliwa na Hasbro, wauza vitu vya kuchezea watoto. Mengine yalichangia anguko lile, ugomvi wa ndani ukiwemo. Lakini mimi muuza vitabu mstaafu nikisoma habari ile naona kwanza maboksi yanayorudi, pembe zimepondeka, vibandiko vya bei vya maduka bado viko juu.

Kulikuwa na ujinga mwingine mdogo ninaoupenda zaidi. Mwaka 1989, mchezo ulipopata toleo la pili, mtu fulani aliona ni busara orodha ya madubwana itolewe kwa karatasi zilizotobolewa, zinazotiwa kwenye faili la pete, ili madubwana wapya wakitoka mteja awapachike kwa mpangilio wa alfabeti. Wazo zuri mpaka uone kwamba karatasi moja ina pande mbili, na kila upande una dubwana wake. Ukimpachika huyu mahali pake, wa nyuma yake anakwenda kusikomhusu. Halafu faili la pete rafuni ni balaa: nene upande mmoja, jembamba upande wa pili, linawasukuma majirani mpaka wanainama kama abiria wa daladala kwenye kona. Mwaka 1993 wakarudi kwenye jalada gumu.

Riwaya zilipata maisha mepesi. Kuanzia 1984, Margaret Weis na Tracy Hickman walipoanza visa vya Dragonlance, mchezo ulikuwa na vitabu ambavyo duka lolote lilijua pa kuviweka. Tatizo ni kwamba vilikaa mbali na kanuni. Kijana angeweza kumaliza riwaya tatu bila kujua kwamba hatua arobaini kutoka pale, karibu na sataranji, kipo kitabu cha kumwezesha kuingia mwenyewe ndani ya nchi ile. Uingereza walikwepa shida hii kwa ujanja. Mwaka 1982 Steve Jackson na Ian Livingstone, ambao tayari walikuwa wafanyabiashara wa michezo, waliandika The Warlock of Firetop Mountain, kisa ambacho msomaji anakicheza peke yake kwa penseli na dadu mbili, akiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa namba. Kilitolewa na Puffin, tawi la watoto la Penguin. Basi, mjadala ukaisha. Kikiwa Puffin kinakwenda rafu ya watoto, na mfululizo ukaenea huko kwa migongo ya kijani yenye namba zilizowafanya watoto wasilale mpaka wapate inayokosekana. Mkusanyiko wenye namba ni muuzaji asiyelipwa mshahara.

Uingereza kuna sababu nyingine ya kuomba kitu kiitwe kitabu: kodi. Vitabu havitozwi kodi ya ongezeko la thamani, michezo inatozwa asilimia 20. Kanuni zilezile zikiwa ndani ya jalada gumu, serikali inaziacha zipite; zikitiwa ndani ya sanduku pamoja na dadu na ramani, serikali inanyoosha mkono.

Maktaba, kama kawaida yao, walikaa wakafikiri. Katika mpango wa Dewey michezo hii imepewa 793.93. Nimewahi kupita kwenye rafu hiyo kwa makusudi, kuona majirani. Ngoma ziko 793.3, vitendawili 793.735, mazingaombwe 793.8, na ukivuka kidogo tu unaingia sataranji, 794.1. Nilisimama pale nikaona haki imetendeka. Ngoma, kitendawili, kiinimacho, kisha hadithi ya watu wengi. Mpangaji yule, awe nani, alikuwa amewahi kukaa jikoni kwa bibi.

Siku ile dukani, mpwa wangu alinifundisha jambo ambalo kompyuta haikulijua. Nilipokuwa nikifungua vitabu vingine vya mchezo ule, nilichukua kimoja chenye mtu aliyepauka wa kutisha kwenye jalada, Curse of Strahd, nikamwonyesha picha ya ndani. Akageuza uso haraka, kiganja machoni.

"Anko, funga! Rafiki yangu anatuchezesha hicho."

Kumbe vitabu vya visa ni vya msimulizi peke yake. Vina siri zote: mhaini ni nani, hazina iko wapi, mlango upi una mtego. Mchezaji akisoma, amejiharibia. Nilikaa nikiwaza duka ambalo linaonyesha uso nje kitabu ambacho wengi wa wapitao wakikifungua watajuta. Kati ya wanaokaa mezani watano, anayepaswa kukinunua ni mmoja. Kitabu cha mchezaji, kinyume chake, wanakitaka wote watano, na ndicho kilichokuwa kimefichwa nyuma ya mnara wa Paris, huku cha madubwana, chenye lile bonge la jicho moja na vijicho vingi juu yake, kikiwa na nakala tano zimesimama kwa raha. Picha nzuri hupata nafasi. Shangazi anayetafuta zawadi anaona jicho, analipenda, analipa, anafika nyumbani na kitabu ambacho peke yake hakichezeki.

Kama ningeulizwa, ningeviweka ubavuni mwa riwaya za majoka, kwa sababu ndiko mgeni anakokwenda kutafuta kwanza. Kitabu cha mchezaji ningekigeuza uso daima, hata nikibaki na nakala moja. Vya visa ningeviacha mgongo nje, kwa adabu. Dadu ningeziweka kaunta, karibu na kamusi, kwa sababu ileile.

Tangu 2014, toleo la tano lilipotoka na kitabu cha mchezaji kikapanda hadi namba moja kati ya vitabu vyote vya Amazon, maduka yameacha kukionea aibu. Mwaka 2016 filamu za mfululizo za Stranger Things, mwanzoni kabisa, ziliwaonyesha watoto wakicheza mchezo huu kwenye chumba cha chini, na baada ya hapo kikaanza kusogezwa mezani mbele. Wenye maduka madogo ya michezo, yale yenye meza za kuchezea nyuma, walilalamika kwamba Amazon na maduka makubwa yanawala kwa bei. Dawa waliyopewa ilikuwa ya jalada: kuanzia na Volo's Guide to Monsters mwaka 2016, baadhi ya vitabu vilitolewa na sura ya pili, yenye michoro ya aina yake, inayopatikana kwenye maduka hayo tu. Kurasa za ndani ni zilezile. Watu wanapanga foleni kwa ajili ya ngozi. Na James Daunt, aliyekataa fedha za meza alipoingia Waterstones ya Uingereza mwaka 2011, alipokabidhiwa Barnes & Noble ya Marekani mwaka 2019 aliwaachia wafanyakazi wa kila duka wapange wenyewe. Siku hizi, basi, unaweza kujua kwa kutazama rafu tu kama kuna mchezaji kati ya wanaofanya kazi pale. Vitabu vimepangwa kwa mchezo, cha mchezaji kimetangulia. Asipokuwepo, utavikuta kwa alfabeti ya majina ya waandishi ambao hakuna mteja anayewajua.

Siku ile tulifika nyumbani theluji imeanza. Dada yangu alikichukua kitabu, akakigeuza mbele na nyuma, akakifungua katikati. Miaka ya 1980 wazazi wa makanisa ya Marekani waliupigia mchezo huu kelele nyingi, wakiuita mlango wa shetani, hadi toleo la 1989 likaondoa maneno ya mashetani na kuwapa viumbe wale majina ya kutunga. Dada hakuwa na habari hizo. Aliona tu mtu wa moto anawarukia watu.

"Kaka, haya majini ndiyo umemletea mtoto?"

"Ni kitabu, Mama," alisema mpwa.

"Cha shule?"

"Cha mchezo."

"Sasa ni kitabu au ni mchezo?"

Kijana alinitazama. Mimi nilikuwa navua viatu, kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko kawaida. Dada akajaribu kukisimamisha kwenye kabati la sebuleni, kati ya Biblia na albamu ya harusi, kikagoma, ni kirefu mno. Akajaribu kukilaza chini ya televisheni, kikatokeza. Mwisho akakiweka juu ya friji, anapoweka barua ambazo bado hajaamua kama atazijibu.